Godoro la kulalia kwenye gari: pima kwanza, dukani baadaye

Naendesha watalii kutoka Arusha, na kwa miaka kadhaa sasa kitanda changu cha porini ni nyuma ya Prado. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "ninunue godoro la inchi ngapi?" Silijibu mpaka mtu aniambie sakafu ya gari lake ikoje. Magodoro mengi yanayolaumiwa hayana kosa, kosa liko chini yake.

Hatua ya 1: Lala bila godoro

Kunja siti, tandika mkeka na blanketi moja, jilaze nusu saa hapohapo nyumbani. Watoto watacheka, waache wacheke. Mwili wenyewe utakuonyesha palipo na tatizo: kifungo cha mkanda kinachochoma kiunoni, uwazi kati ya siti mbili, mteremko unaokushusha taratibu kuelekea mlango wa nyuma. Weka alama ya chaki kila panapouma.

Kwangu siti zikikunjwa zinaacha ngazi ya kama sentimita 7 kati yake na buti. Mwanzoni nikajidanganya kwamba godoro nene litaificha. Lilificha siku mbili tatu, kisha sponji likalalia ile ngazi na kuanza kuchukua umbo lake. Dawa ilikuwa ubao: plaiwudi ya milimita 12, upande wa buti nikaupigia vijiti vya kuinua mpaka ukalingana na siti. Kama una bajeti ya kitu kimoja tu mwezi huu, anza na ubao.

Hatua ya 2: Pima, ubao ukiwa mahali pake

Urefu na upana kila mtu anakumbuka kupima. Upana upime mara mbili, maana bodi inavimba ndani pale juu ya matairi na nafasi inabanwa. Tandaza boksi la katoni, likate mpaka likae vizuri, uende nalo kwa fundi kama kielelezo. Urefu ukipungua, sogeza siti za mbele hadi mwisho na uzibe uwazi kwa begi la nguo.

Kinachosahaulika ni kimo. Kaa kitako juu ya ubao, mgongo wima, mwenzako apime kutoka utosini kwako hadi dari. Zikibaki sentimita 10, godoro la inchi 4 limezila zote, nawe utakuwa unavaa suruali umelala chali kila alfajiri. Ndiyo maana kwenye gari napendekeza inchi 3 hadi 4 za sponji gumu, na zile inchi 8 uziache nyumbani.

Hatua ya 3: Upepo au sponji?

Godoro la upepo linakunjika likawa kama mkate, na kwa anayelala porini mara mbili kwa mwaka linatosha. Mimi lilinishinda ukingoni mwa Ngorongoro, mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari. Nililijaza jioni likiwa gumu kama ngoma, saa nane usiku kiuno kikagusa ubao. Asubuhi nikalipaka maji ya sabuni kutafuta pancha, hakuna hata povu moja. Ilikuwa baridi tu: hewa iliyojazwa kwenye nyuzi joto 30 ikishuka hadi 10 hupungua kama asilimia 7, na godoro lililokuwa limekaza linalegea. Juu ya hapo, hewa iliyomo ndani inazunguka na kukuibia joto la mgongo. Ukilitumia, liongeze upepo kabla ya kulala, baada ya jua kuzama, na weka blanketi zito kati yako na godoro. Usilishushe chini ya migunga. Miiba yake haina huruma.

Kwa anayesafiri mara kwa mara, sponji.

Hatua ya 4: Dukani

Dukani magodoro yamepangwa moja juu ya jingine hadi dari. Muuzaji atakuambia "bonyeza uone", ubonyeze la juu na uliite zuri. Hapo umebonyeza rundo zima! Omba lako lishushwe sakafuni, lenyewe. Piga goti moja juu yake na uuegemeze uzito wako. Goti likigusa sakafu, shukuru na uendelee na duka la pili. Kisha lala ubavu, maana nyonga na bega ndivyo vinavyoumia kwanza. Nyonga ikizama mpaka uti wa mgongo upinde, ni laini mno. Bega likifa ganzi, ni gumu mno: chukua inchi 3 ngumu na juu yake inchi 1 laini.

Nina pia mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo. Godoro la futi 4 kwa 6, inchi 4, lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.226. Likiwa na kilo 4 ni jepesi mno, litabonyea mapema; likikaribia kilo 7 una sponji la kama kilo 30 kwa mita ya ujazo, na hilo ni la kudumu. Lakini usiiamini mizani peke yake, kwa sababu sponji la bei rahisi huweza kuongezwa unga wa chokaa ili liwe zito. Goti na mizani vikubaliane.

Hatua ya 5: Kata vipande vitatu

Fundi wa masofa atakukatia. Ukikata mwenyewe, tumia kisu cha mkate chenye meno, bila kulibana sponji. Vipande vitatu vya futi 2 vinakunjika vikawa kiti mchana. Watu wengi hukata viwili, na hapo ndipo wanapoharibu: mtu wa kimo cha kawaida, maungio ya katikati yanaangukia nyongani kabisa. Vikiwa vitatu, nyonga inalala juu ya kipande cha kati. Shona foronya moja ya pamba yenye zipu ivishike vyote. Rexine, ile ngozi bandia ya masofa, usiiguse; usiku mmoja wa joto la Mto wa Mbu, ule mji karibu na Ziwa Manyara, utaelewa.

Hatua ya 6: Usiku wa kwanza

Egesha kwenye eneo lililoruhusiwa kupiga kambi, kichwa kikielekea upande wa juu wa mteremko. Chupa ya maji nusu iliyolazwa kwenye ubao itakuambia ukweli. Acha madirisha mawili wazi kwa upana wa vidole viwili, uyazibe kwa kitambaa cha chandarua. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata likiwa limebaki majivu ya moto, na injini izimwe. Gesi ya sumu inayotoka humo haina harufu ya kukuamsha.

Asubuhi inua godoro ulisimamishe ubavuni. Chini yake utakuta unyevu wa jasho na pumzi zako, na likiachwa hivyo wiki mbili linaota ukungu mweusi. Nimetoboa ubao wangu matundu ya ukubwa wa sarafu, na unyevu umepungua sana. Lianike kivulini penye upepo, si juani, maana jua hulifanya sponji kuwa la njano na kumomonyoka kama keki kavu.