Kuhama muuzaji wa maji ya biashara Uingereza: anzia kwenye mita

Tangu tarehe 1 Aprili 2017, mwenye mgahawa, saluni au ghala nchini Uingereza anaweza kuchagua kampuni ya kumtumia bili ya maji na majitaka. Uskoti ilitangulia mwaka 2008. Anayebadilika ni muuzaji wa rejareja tu, yaani anayesoma mita, anayetoza na kupokea malalamiko. Mabomba na mitambo hubaki mikononi mwa kampuni ileile ya eneo, nayo humuuzia muuzaji huyo kwa bei ya jumla chini ya usimamizi wa Ofwat, mdhibiti wa huduma za maji. Dar es Salaam kazi zote mbili ni za DAWASA; kule zimetenganishwa.

Bei hiyo ya jumla hubeba takriban asilimia 90 ya bili. Kwa hiyo ukiahidiwa punguzo la asilimia 20, uliza: la sehemu ipi? Kama bili ni pauni 2,000 na sehemu ya muuzaji ni 200, utaokoa pauni 40. Pesa nyingi zaidi hupotea kwenye uvujaji na taarifa zenye makosa, na hasara hizo zitakufuata kwa muuzaji mpya usipozishughulikia kwanza.

Tafuta mita na ulinganishe namba yake na ile ya kwenye bili. Kwenye majengo yenye fremu nyingi si ajabu mtu kulipia mita ya jirani. Soma tarakimu nyeusi tu, ndizo mita za ujazo, kila moja lita 1,000. Nyekundu ni sehemu ya mita moja ya ujazo. Ukizichanganya, bili itapanda mara kumi au zaidi.

Kisha pima uvujaji. Baada ya kufunga biashara, zima kila kinachotumia maji, pamoja na mashine ya barafu. Soma tarakimu zote, subiri saa moja, soma tena. Lita 20 kwa saa zinaonekana chache, lakini kwa mwaka ni mita za ujazo 175. Mita ikiendelea kuzunguka, funga koki kuu ya ndani. Ikisimama, uvujaji uko ndani ya jengo, na choo ndicho cha kukagua kwanza. Isiposimama, ni bomba lililofukiwa kati ya mita na jengo, na kwa kawaida kulitengeneza ni juu ya mwenye jengo. Tunza risiti ya fundi: unaweza kuombea nafuu kwenye gharama ya majitaka, kwa kuwa maji yaliyopotelea ardhini hayakuingia kwenye mfereji.

Kagua pia gharama ya maji ya mvua. Maji ya paa lako yakiishia kwenye shimo la kunyonya ndani ya kiwanja, omba gharama hiyo iondolewe.

Sasa omba bei. Utahitaji SPID, namba ya utambulisho iliyo kwenye bili, yenye jumla ya herufi na tarakimu 13. Yenye W ni ya maji, yenye S ni ya majitaka. Wape matumizi halisi ya miezi 12, wala si makadirio. Dai bei ya jumla na ya rejareja zitenganishwe, na uulize mita itasomwa mara ngapi kwa mwaka. Ukipitia dalali, akueleze kwa maandishi kamisheni yake inatoka wapi. Kama maji unalipia ndani ya kodi ya pango, anayeweza kuhama ni mwenye nyumba.

Lipa deni kwanza, maana muuzaji wa zamani anaweza kuzuia uhamisho. Siku ya kuhama piga picha ya mita, namba yake na usomaji vikionekana, uwatumie wauzaji wote wawili. Bili ya mwisho na ya kwanza zisipokutana kwenye usomaji mmoja, utalipia maji yaleyale mara mbili. Ukiletewa malimbikizo ya zamani, kumbuka kwamba kwa kawaida muuzaji haruhusiwi kurudi nyuma zaidi ya miezi 16. Akishindwa kumaliza lalamiko lako, lipeleke CCW, baraza la watumiaji wa maji. Huduma yake ni bure.