Kitambaa au plastiki? Kupata nambari ya ushuru kabla roli hazijapakiwa

Wiki iliyopita fundi mmoja wa Langoni, hapa Lamu, alinijia na ankara kutoka China. Yeye hushona mito ya mashua na vivuli vya baraza za nyumba za wageni. Ankara ilisema "kitambaa cha PVC" tu, kwa roli zote. "Mwanangu, niandike nambari gani forodhani?" Nikamwambia: "Mzee wangu, ankara haitoshi. Nipe kipande."

Hatua ya 1: Dai sampuli kabla ya kumaliza malipo, moja kwa kila aina.

Hatua ya 2: Tazama kilichomo ndani. Nyuzi zikiwa zimefumwa, endelea. Zikiwa zimegandamizwa tu bila kufumwa, ondoka Sura ya 59 ya jedwali la ushuru (ndimo vilimo vitambaa vilivyopakwa au kubandikwa plastiki), uanzie 56.03, ya vitambaa visivyofumwa. Ukikuta kimefumwa kwa tepe za plastiki, pima upana wake: ukizidi milimita 5, forodha huihesabu plastiki, si uzi.

Hatua ya 3: Kagua plastiki yenyewe. Hapa usiharakishe. Kata ukingo kwa wembe mpya. Mkasi siutaki kabisa kwa kazi hii, maana huubana ukingo na kuzipaka nyuzi plastiki. Lenzi pia iweke kando, kwa sababu sheria inauliza jicho tupu linaona nini. Plastiki iliyopakwa isipoonekana kwa jicho, kitambaa hurudi kwenye sura ya nyuzi zake, na kubadilika rangi hakuhesabiwi. Lakini shiti ya plastiki iliyobandikwa ni habari nyingine: tangu toleo la 2022 la HS, yaani mfumo wa kimataifa wa nambari za forodha, Dokezo la 3 la Sura ya 59 linakihesabu kitambaa hicho kuwa kimebandikwa hata kama shiti haionekani kwenye ukingo. Kwa hiyo muulize muuzaji: imepakwa au imebandikwa?

Kisha geuza nyuma. Kitambaa kilichofunikwa chote pande zote mbili kwa plastiki inayoonekana, au kilichozama ndani yake, huenda Sura ya 39, sura ya plastiki. Mimi niliumia hapa. Nilikuwa natoa turubali za malori forodhani Mombasa, nikaandika 5903.10, ya kitambaa chenye PVC, kwa kuwa nyuma niliona alama za nyuzi. Kumbe zilikuwa zinajichora chini ya ngozi nyembamba ya PVC. Mzigo ulishikwa siku tisa na mteja akalipia kila siku ya kukaa bandarini. Makosa yalikuwa yangu. Tangu hapo natumia sindano ya cherehani: naikokota nyuma ya kitambaa. Ikinasa uzi, uzi uko wazi. Ikiteleza, kuna plastiki juu yake. Jaribu sehemu nne au tano, juu ya nyuzi na katikati yake, kwa sababu neno la sheria ni "chote".

Sponji nayo imewanasa wengi wa ngozi bandia. Kama plastiki ina vitundu vya povu, na nyuma kuna kitambaa cha rangi moja kisicho na nakshi, kitambaa hicho huchukuliwa kuwa cha kuimarisha tu, na bidhaa ni ya Sura ya 39.

Mwisho wa hatua hii, kizungushe kipande kwa mkono kwenye biti ya drili ya milimita 7. Kikivunjika, ni Sura ya 39. Jaribio hili ni la nyuzijoto 15 hadi 30, na Lamu ya Machi hupita 30 mchana. Lifanye baada ya sala ya alfajiri, kivulini.

Hatua ya 4: Aina ya plastiki. Ndani ya 59.03, PVC ni 5903.10, poliyurethani ni 5903.20, nyingine 5903.90. Itegemee karatasi ya kiwandani. Ukiitilia shaka, pasha waya wa shaba, uguse plastiki, uurudishe motoni: moto wa kijani waashiria PVC. Fanya nje, usivute moshi.

Hatua ya 5: Turubali ya kitambaa iliyokwisha pindwa na kutiwa matundu ya kamba si roli tena. Tazama 63.06, ya turubali zilizokamilika.

Hatua ya 6: Kiwango cha ushuru kisome kwenye jedwali la ushuru la Afrika Mashariki la mwaka huu, pamoja na gazeti rasmi. Usinakili tamko la mzigo wa zamani. Ukibaki na shaka, omba uamuzi wa Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA) kwa maandishi mzigo ukiwa bado kwa muuzaji. Wakishaamua na hukubaliani, una siku 30 za kuomba mapitio, kifungu cha 229 cha sheria ya forodha ya Afrika Mashariki.

Sampuli za mzee wangu zilikuwa mbili. Ya vivuli ilinasa sindano na haikuwa na povu: 5903.10. Ya mito ilikuwa na povu la PVC na mgongo mweupe mtupu: 3921.12. Ankara moja, mistari miwili. Tulimwandikia muuzaji usiku uleule aitenganishe kabla ya kupakia.