Somo: Mwaka wa kujitolea Ujerumani, hatua kwa hatua

Kila msimu wa maombi huulizwa maswali yaleyale, kwa hiyo nimeona niyaandike mahali pamoja. Somo linawahusu vijana wanaokwenda kwa mpango wa weltwärts, mpango wa kujitolea wa serikali ya Ujerumani ulioanza mwaka 2008 na kufungua njia ya kutoka nchi za Kusini mwa dunia kwenda Ujerumani mwaka 2013, au kwa BFD (Bundesfreiwilligendienst), yaani utumishi wa kujitolea wa shirikisho la Ujerumani ulioanzishwa mwaka 2011.

Hatua ya 1. Kabla ya kusaini mkataba, hakikisha mkataba wenyewe umetaja saa za kazi, posho, malazi, bima ya afya na siku za semina, ambazo katika BFD ni 25 kwa mwaka kwa walio chini ya miaka 27.

Hatua ya 2. Nakala ya pasipoti, viza na mkataba ibaki nyumbani kwa mtu unayemwamini.

Hatua ya 3. Jiandikishe kwenye ofisi ya manispaa ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, ukiwa na uthibitisho wa maandishi wa mwenye nyumba.

Hatua ya 4. Kariri 112 kwa gari la wagonjwa na zimamoto, na 110 kwa polisi.

Hatua ya 5. Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Miezi ya baridi inapoingia, lugha bado nzito na msimamizi hana maneno matamu, kijana huamua usiku kuandika barua ya kuacha kazi, na asubuhi huituma. Asichokumbuka ni kwamba kibali chake cha ukaazi kilitolewa kwa ajili ya utumishi ule, hivyo mkataba ukivunjika kibali nacho huyumba, na mara nyingi chumba alichopewa na kituo anachohudumu huondoka pamoja nacho. Usitume barua yoyote ukiwa na hasira, wala usihamie mji mwingine kwa rafiki ukidhani mambo yatajipanga. Andika kilichotokea, tarehe na waliokuwepo, kisha mwone mratibu wa shirika lililokuleta na uombe kubadilishiwa kituo, jambo ambalo mashirika hulijua na hulifanya. Ukiwa umepigwa, umetishwa au umeguswa usivyotaka, hapo usisubiri mratibu: ondoka mahali hapo na upige 110.

Hatua ya 6. Fungua kila barua siku inapofika. Ile ya ada ya utangazaji, yaani ada ya redio na televisheni za umma, euro 18.36 kwa mwezi kwa nyumba nzima, huwatisha wageni wengi. Si utapeli, na mnaoishi pamoja mnalipa mara moja tu.

MASWALI

Swali: Mkuu, naomba namba ya wakala wa uhakika, nina haraka.
Jibu: Sina, na sitatafuta. Weltwärts inafadhiliwa na wizara ya maendeleo ya Ujerumani na maombi hupitia mashirika yaliyotambuliwa. Anayekudai fedha ili akupatie nafasi anauza asichokuwa nacho.

Swali: Je, naruhusiwa kufanya kazi mgahawani jioni?
Jibu: Soma karatasi ya nyongeza inayoambatana na kibali chako, imeandikwa humo. Tafadhali isome kabla ya kuuliza tena.

Swali: Shikamoo kaka. Msimamizi anataka kunitunzia pasipoti kabatini. Nikikataa nitaonekana mkaidi?
Jibu: Marahaba, dada. Hapana. Pasipoti ni mali ya serikali yako, hivyo mpe nakala na umshukuru kwa upole. Akisisitiza, mjulishe mratibu kwa maandishi siku hiyohiyo.

Swali: Nitahudumu katika nyumba ya wazee. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau akinitukana kwa sababu ya rangi yangu, nifanye nini?
Jibu: Swali zuri sana. Mgonjwa wa aina hiyo huenda hajui anachosema, kwa hiyo usibishane naye. Toka chumbani, mwombe mwenzako amhudumie, na tukio liandikwe kwenye kumbukumbu za zamu. Mfanyakazi mwenye akili timamu akisema neno lilelile ni jambo jingine kabisa, nalo lipelekwe kwa msimamizi na kwa mratibu. Huna wajibu wa kulinyamazia kwa kuwa wewe ni mgeni.

Mchango wa mwanachama: Naongezea kuhusu giza. Desemba mjini Berlin jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na mimi nilifika na jaketi la mvua tu. Koti zito lapatikana wapi kwa bei nafuu?
Jibu: Kwenye maduka ya mitumba ya Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, na ya Msalaba Mwekundu. Nenda Septemba, kabla saizi ndogo hazijaisha, na ununue viatu visivyopitisha maji kwanza, koti baadaye.