Mashine ya espreso imegoma? Fuata maji kwanza kabla hujanunua spea

Wakuu habari zenu. Hapa Mwanza mashine za espreso za nyumbani zimeanza kuwa nyingi, wengine wamenunua mpya, wengine wameletewa na ndugu zao walioko nje, zingine ni za mtumba. Shida inakuja ikigoma, mtu anaambiwa pampu imekufa, anaagiza pampu Dar, inafika kwa basi, inafungwa, na mashine bado imegoma vilevile. Mimi ndo kazi yangu hii na ninachowaomba ni kitu kimoja tu, fuata maji. Maji yanatoka kwenye tenki, yanavutwa na pampu, yanaingia kwenye boila, yanapita valvu, yanatokea juu kwenye kichwa yanakutana na kahawa. Tafuta yameishia wapi, hapo ndo pa kufungua.

Naongelea mashine za kawaida zenye potafilta (ule mkono wa kuwekea kahawa) na ile pampu ndogo ya kutetema, sio za mgahawani.

Kabla hujagusa chochote, chomoa plagi. Sio kuzima swichi, chomoa kabisa, afu fungua bomba la mvuke litoe presha yote na uiache ipoe, boila likiwa na mvuke linakubabua mkono vibaya sana. Pia geuza mashine usome ile lebo ya chini au ya nyuma. Ikiandikwa 120V hiyo ilitengenezwa kwa soko la Marekani, usiichomeke kwenye umeme wetu wa 230V hata kwa kujaribu.

HATUA YA 1: Sikiliza pampu

Jaza tenki, rudisha plagi, toa potafilta, washa pampu. Ikiwa kimya kabisa, umeme haufiki au koili ya pampu imeungua. Ikilia kwa nguvu, kelele kali ya kugongagonga na maji hayatoki, mara nyingi imemeza hewa. Ikilia kwa sauti nzito ya kubanwa, pampu inasukuma ila kuna sehemu mbele pameziba.

Hii ya hewa ndo inawaliza watu bure. Mama mmoja wa Nyegezi aliniletea ya kwake, "Fundi, nimeambiwa pampu imekufa, mpya shilingi ngapi?" Nikamwambia subiri kwanza mama, tuisikilize. Ikawa inapiga kelele ile ile ya hewa, kumbe tenki liliisha maji huku pampu inafanya kazi. Dawa yake: fungua bomba la mvuke, washa pampu kama sekunde kumi na tano, zima, ipumzishe, rudia. Ikikataa nenda famasi nunua bomba la sindano kubwa, sindano yenyewe huitaki, chomeka mdomo wake kwenye ule mpira unaonyonya maji tenkini, sukuma maji taratibu huku mwenzio anawasha pampu. Utasikia sauti inabadilika ghafla, inakuwa nzito, na maji yanaanza kushuka. Ya mama iliondoka siku hiyohiyo bila spea hata moja. Ila usiiache pampu iende zaidi ya dakika moja mfululizo, inachemka.

HATUA YA 2: Kichwa

Kama sauti ni ya kubanwa anza hapa maana ni rahisi. Chini ya kichwa kuna kichujio cha bati chenye matundu madogomadogo, kimeshikwa na skrubu moja katikati. Kifungue, washa pampu bila hicho kichujio. Maji yakimwagika vizuri umeshampata mwizi, kiloweke kwenye maji ya moto na ile poda ya kusafishia mashine za kahawa, mafuta meusi yote yanaachia.

Kama kahawa inavuja pembeni mwa potafilta, hiyo ni gasketi, ule mpira wa duara ndani ya kichwa. Ikizeeka inakuwa ngumu, ukiibonyeza kwa kucha haiingii hata kidogo. Kuitoa, zungushia skrubu ndogo kwenye mpira wenyewe, ishike kwa plaizi, vuta. Sasa watu wengi hapa wanakosea, wanaweka mpya juu ya unga wa kahawa uliogandia kwenye mfereji, inavuja tena. Kwangua mfereji mpaka uone chuma. Na ukienda kununua beba ya zamani upime unene, kuna za milimita 8 na za 8.5, kwa macho zinafanana lakini potafilta itakukatalia.

HATUA YA 3: Valvu ya solinoidi

Hii ni valvu inayofunguka na kufunga kwa umeme, sio kila mashine inayo. Dalili zake: ukimaliza kutoa kahawa presha haishuki, ukifungua potafilta inarusha tope la kahawa, au maji yanakimbilia kwenye trei ya chini badala ya kikombe. Chomoa plagi, toa nati ya juu, vua koili, afu fungua kishina kwa spana. Ndani kuna kipande cha chuma chenye springi na kimpira kidogo mwishoni. Angalia hicho kimpira karibu kabisa na mwanga, punje moja ya kahawa ikikaa pale valvu haifungi. Safisha, pulizia vitundu, rudisha.

Kuhusu chumvi inayogandia ndani ya boila, maji yetu ya bomba yanatoka ziwani na ni laini, hayagandishi sana. Wanaotumia visima vya maji ya chumvi ndo boila linaziba mapema. Koroga sitriki asidi ya unga gramu 20 kwa lita moja ya maji, pitisha nusu kwenye mashine, subiri dakika ishirini, malizia, afu suuza na matenki mawili ya maji safi. Usilaze usiku kucha, boila la alumini linaliwa.

HATUA YA 4: Maji yanatoka ila ya baridi

Hapa unahitaji mita ya fundi ya kupimia umeme (multimita), na plagi iwe imechomolewa. Toa waya za hita upime omu. Hita ya wati 1000 isome kama 53, ya 1400 kama 38. Isiposoma kitu imekatika. Pima tena kati ya pini ya hita na bodi, yaani ganda la chuma la mashine, hapo isisome kabisa, ikisoma umeme unavuja kwenye bodi na ndo maana swichi kuu ya nyumba inaanguka kila ukiwasha.

Hita ikiwa nzima pima thamostati (inayozima hita joto likitosha) na fyuzi ya joto (inayokata umeme joto likizidi). Fyuzi hiyo ikikatika tafadhali sana usiunganishe waya moja kwa moja, ndiyo inayozuia nyumba isiungue. Weka mpya yenye nyuzi joto zilezile, na uibane kwa viungio vya kukaza, ukichomelea kwa risasi ule moto wenyewe unaikata. Afu chunguza thamostati, mara nyingi ndo imegoma kuzima hita mpaka fyuzi ikakatika.

Ukishafunga kila kitu, jaribu na gramu 18 za kahawa. Ukipata gramu 36 hivi kikombeni kwa sekunde 25 mpaka 30, mashine iko sawa. Ikimwagika kwa sekunde 10 usikimbilie kufungua tena, saga kahawa laini zaidi kwanza uone.