Namna ya kumlilia msanii usiyewahi kukutana naye

Habari ya kifo cha msanii ikikufikia, kwanza hakikisha ni ya kweli kupitia redio au taarifa ya familia, kwa kuwa wasanii wengi huzushiwa vifo wakiwa hai. Ikithibitika, lia bila haya: mtu aliyekuchekesha miaka mingi katika kibanda cha video pale Mikindani, Mtwara, ukiwa umebanana na ndugu zako kwenye benchi, alikuwa sehemu ya maisha yako hata kama hakukujua kabisa.

Mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, alizikwa Dar es Salaam, na mchekeshaji King Majuto, aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018, alizikwa Tanga. Sisi wa kusini tulio wengi hatukuweza kufika. Basi waalike wale mliokuwa mkitazama pamoja, wekeni filamu yake moja, kisha mwombeeni kwa dini yake.

Picha za maiti usizisambaze kamwe, maana mama yake naye ana simu. Kilio kisipokoma, huenda kimetonesha msiba wako wa zamani. Mwendee shangazi au mtu mzima unayemwamini, umweleze unamlilia nani hasa.