Jinsi ya kuacha simu ukiwa kwenye usukani

Watu wanabishana serikali ipige marufuku simu kwa madereva au iache, mi nasema ipige tu, Uingereza walishakataza kuishika tangu 2003 na 2017 wakapandisha faini ikawa pauni 200 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, ila wapo wanaoificha mapajani trafiki asione, ambayo ndo mbaya zaidi maana sasa macho yanashuka chini kabisa. Kwa hiyo usisubiri sheria, anza mwenyewe.

Kwanza simu isikae karibu. Sio siti ya pembeni, sio pale pa kuwekea chupa, itie kwenye begi na begi likae siti ya nyuma. Mi nilikuwa najiambia naiweka hapa ila sitaigusa, uongo mtupu, ikitetemeka tu mkono ushafika kabla sijaamua.

Ramani na mziki malizana navyo kabla hujawasha gari, halafu weka Usinisumbue, ile hali ya simu inayozima milio ya simu na meseji.

Meseji ndo watu wanajidanganya sana, eti nachungulia mara moja. Haya piga hesabu, spidi 80 gari inakula mita 22 kila sekunde, sekunde 5 za kusoma "uko wapi" na kujibu "nakuja" ushapita mita 110, yani uwanja mzima wa mpira umeuvuka kama umefumba macho.

Spika na eafoni? Mikono iko huru sawa, ila akili haipo, ukianza kubishana na mtu unapitiliza hadi kona ya kwako. Abiria anaiona barabara, pakibana ananyamaza, ila wa kwenye simu hajui kinachoendelea anamwaga maneno tu na wewe unamwitikia.

Kwenye taa nyekundu nako usiishike, taa ikibadilika wa nyuma anakupigia honi, unaitupa simu unaondoka kwa kushtuka hata hujaangalia kama kuna anayemalizia kuvuka.

Kama ni simu ya lazima kweli toa indiketa, toka barabarani kabisa, simama, ongea umalize ndo urudi.

Na wewe unayepiga nawe una kazi. Ukisikia honi au ile tik tik ya indiketa muulize unaendesha? Akisema ndio ila we ongea tu nakusikia, kata.