Draw.io kwa anayeanza: jifunze kuunganisha kabla ya kupamba

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia katibu wa SACCOS moja kuchora safari ya ombi la mkopo: mwanachama anajaza fomu, wadhamini wanasaini, afisa mikopo anakagua, kamati inaamua, mhasibu analipa. Alikuwa ameuchora ndani ya Word, na kila alipoongeza sentensi juu ya mchoro, visanduku vilihama na mishale ikabaki hewani. Word imetengenezwa kwa ajili ya maandishi. Kwa michoro ya kazi natumia programu ya draw.io, ambayo pia huitwa diagrams.net, na ndiyo ninayomfundisha kila anayeniuliza. Ni ya bure na haikudai akaunti.

Menyu zake nimezitaja kwa Kiingereza, kama zilivyoandikwa kwenye skrini, ili usihangaike kuzitafuta.

Hatua ya 1: Sakinisha

Chukua toleo la kompyuta. Lipo la Windows, macOS na Linux. Linafanya kazi bila bando, na faili linakaa kwenye folda yako likiwa na mwisho wa .drawio. Kama kompyuta ni ya ofisi na huruhusiwi kusakinisha kitu, fungua app.diagrams.net kwenye kivinjari, na ukiulizwa pa kuhifadhi chagua "Device". Kwenye simu usichore. Fungulia kuangalia tu.

Hatua ya 2: Lijue dirisha

Kushoto kuna maktaba ya maumbo, katikati ubao wa kuchorea, kulia paneli ya "Format". Wengi huchanganywa na hiyo ya kulia, kwa sababu hubadilika kulingana na ulichobofya. Ukibofya ubao mtupu, inakuonyesha mambo ya ukurasa mzima: gridi, ukubwa wa karatasi, rangi ya usuli. Ukibofya umbo, inakuletea vichupo vitatu: "Style" kwa rangi na mistari, "Text" kwa maandishi, "Arrange" kwa mpangilio na vipimo. Kwa hiyo ukiona chaguo la rangi limetoweka, bofya umbo lako tena.

Maumbo ni mamia, nawe unahitaji manne. Lenye ncha za mviringo ni mwanzo au mwisho. Mstatili ni hatua ya kazi. Almasi ni uamuzi. Msambamba (kama mstatili ulioinama) ni taarifa inayoingia au kutoka, kama fomu au risiti. Alama za chati mtiririko, yaani michoro ya hatua kama huu, ziliwekewa kiwango cha kimataifa, ISO 5807, mwaka 1985, ndiyo maana mkaguzi wa hesabu aliyesomea nchi nyingine atausoma mchoro wako bila kuuliza. Usibuni alama zako.

Hatua ya 3: Mishale (hapa usiharakishe)

Jioni nzima na yule katibu iliishia hapa. Mchoro ulionekana mzuri kabisa. Akakisogeza kisanduku cha "Kamati ya mikopo" kidogo kulia, kisha: "Kaka, mishale imebaki kule!" Mishale yote ilikuwa imelazwa karibu na visanduku, na hakuna hata mmoja uliokuwa umeshikana navyo.

Kisa chake ni hiki. Kwenye maktaba ya kushoto kuna picha za mistari na mishale. Mtu anayeanza huiburuta ubaoni, anaivuta mpaka ncha iguse kisanduku kwa macho, anaamini kazi imekwisha. Mshale uliotoka maktabani huwa huru pande zote mbili mpaka ushike kila ncha na kuiachia juu ya umbo, na umbo lenyewe likuonyeshe kwamba limeipokea. Mimi situmii mishale ya maktaba hata kidogo, nakushauri nawe usiiguse.

Fanya hivi badala yake. Peleka kipanya juu ya kisanduku bila kubofya. Vitatokea vishale vinne vya buluu, kila upande kimoja. Buruta kimoja wapo mpaka juu ya kisanduku cha pili, kisha achia. Huo mshale umeunganishwa tangu kuzaliwa. Kama kisanduku cha pili bado hakipo, bofya tu kile kishale, programu itakitengeneza na kukiunganisha yenyewe.

Sasa, muunganisho ni wa aina mbili, na hapa ndipo penye kuhitaji uangalifu.

Ukiachia mshale wakati mzingo wote wa kisanduku umewaka buluu, umepata muunganisho unaoelea: mshale umeshikamana na kisanduku, lakini mahali unapogusia panabadilika kadiri unavyovisogeza visanduku. Ukiachia juu ya kialama kidogo cha x kwenye ukingo, nacho kikawaka kijani, umepata muunganisho thabiti: mshale utabaki kwenye nukta hiyo daima. Fikiria mbuzi aliyefungwa mtini. Kitanzi kikiwa kilegevu kinazunguka shina kumfuata mbuzi, kikipigiliwa msumari kinabaki upande uleule hata mbuzi akihamia wa pili.

Wakati mchoro bado unabadilika, tumia unaoelea. Mishale itajipanga yenyewe kila unapohamisha kitu. Kwenye almasi, tumia thabiti tangu mwanzo. Almasi ina njia mbili za kutoka, "Ndiyo" na "Hapana", na ukiziacha zielee, zote mbili huweza kuangukia upande mmoja na kupandana, msomaji asijue mkopo uliokataliwa unaelekea wapi. Mimi huitoa "Ndiyo" chini na "Hapana" kulia, mchoro mzima, bila kubadilisha. Uliyezoea kinyume endelea kinyume, mradi usichanganye.

Neno "Ndiyo" lenyewe usiliweke kwa kisanduku cha maandishi kilichopachikwa karibu na mstari. Bofya mshale mara mbili uandike. Maandishi hayo ni mali ya mshale na yatausindikiza popote utakapokwenda.

Mistari ikianza kujikunja ovyo, kuna nukta za kupindia zilizoingia ulipokuwa ukiuvuta mstari kwa bahati mbaya. Bofya mstari kwa kitufe cha kulia, chagua "Clear Waypoints", utanyooka. Mistari miwili ikilazimika kukatizana, nenda "Style", tafuta "Line jumps", uchague tao. Mmoja utaruka juu ya mwingine na msomaji ataona kwamba haikutani.

Jaribio la mwisho la hatua hii, na usilipite: sogeza kila kisanduku kidogo, kimoja baada ya kingine, uangalie kama mishale yake imefuata, kisha urudishe kwa Ctrl+Z. Mshale usiofuata, shika ncha yake uiunganishe upya.

Ukishaielewa hatua hii, michoro mingine yote inakuwa rahisi. Mchoro wa hifadhidata, ambao misingi yake mtaalamu wa kompyuta Peter Chen aliichapisha mwaka 1976, ni visanduku na viunganishi vilevile. Kinachobadilika ni ncha ya mstari: kwenye "Style" unachagua ncha ya mguu wa kunguru (yenye matawi matatu) kuonyesha kwamba mwanachama mmoja anaweza kuwa na mikopo mingi.

Hatua ya 4: Chombo, kundi, tabaka

Maneno haya matatu yanafanana kwa mbali na yanafanya kazi tofauti.

Kundi ni vitu ulivyovichagua na kuvifunga pamoja kwa Ctrl+G ili visogee kwa pamoja. Basi.

Chombo ni umbo linalobeba mengine ndani yake. Muhimu kuliko yote ni safu za wahusika: andika "swimlane" kwenye kisanduku cha kutafutia, upe kila mhusika safu yake, kisha buruta kila hatua uiingize kwenye safu ya anayeifanya. Ukingo wa safu ukiwaka zambarau, achia. Kwa SACCOS, safu hizi ndizo zilizofichua kwamba fomu ilikuwa inarudi kwa afisa mikopo mara mbili bila sababu. Kumbuka, ukifuta chombo na vilivyomo vinafutika.

Tabaka ni kama kuchora kwenye karatasi angavu zilizolaliana. Fungua "View", kisha "Layers". Maoni ya kamati yaweke kwenye tabaka lake, na siku ya kuchapisha ulifiche. Kitu kisichobofyeka hata ufanyeje, mara nyingi kiko kwenye tabaka lililofungwa kufuli.

Hatua ya 5: Mwonekano

Mistari yenye pembe mraba. Rangi mbili, zisizidi. Fonti moja. Panga umbo moja vizuri, bofya "Set as Default Style", na yatakayofuata yatafanana nalo.

Hatua ya 6: Kuutoa mchoro

Usipige picha ya skrini. Nenda "File", "Export as", uchague PDF kwa kuchapisha au PNG kwa kuweka kwenye ripoti. Kwa PNG ongeza "Zoom" iwe 200% au 300%, la sivyo maandishi yatakuwa na ukungu kwenye karatasi. Acha "Border Width" ya 10 ili ukingo usikatwe.

Weka alama kwenye "Include a copy of my diagram". Mchoro mzima utahifadhiwa ndani ya picha yenyewe, na siku faili la .drawio likipotea, utaifungua ile PNG ndani ya draw.io na kuendelea kuhariri. Ila ukiituma WhatsApp kama picha, inabanwa upya na mchoro uliofichwa ndani unapotea. Itume kama "Document".

Na faili la .drawio lenyewe lipe tarehe kwenye jina, mfano mkopo-2025-03-14.drawio, kwa sababu kamati itabadilisha utaratibu na mtu atakuuliza ule wa zamani ulikuwaje.